Mama Pamba, Mtunzaji wa Rafu ya Chini

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wa zamani, pamoja na mgeni aliyewekewa kiti cha mbele chenye mto: huu ndio wasifu wa marehemu. Ulikuwapo mwingine. Kaka yake, anayemfuata kwa kuzaliwa, aliuandika juzi, ukurasa mmoja wenye adabu, unaosema marehemu "alitumikia taasisi ya utafiti hadi alipostaafu". Marehemu hakustaafu. Ukurasa ule umewasha jiko la chai mliyokunywa asubuhi, na kaka amesamehewa, maana naye alitafuta amani tu. Huu mtakaousikia aliusema marehemu mwenyewe, kitandani, kwa siku tisa, akipumzika kila baada ya sentensi mbili ili avute pumzi. Anayeusoma ni mdogo wake wa mwisho, karani wa posta, aliyeandika kila neno na kuongeza machache ya kwake pale hasira ilipomzidi. Marehemu aliagiza mtu asitukanwe. Mdogo wake atajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Juni 1959, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha karakana ya magodoro. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Mama yake alishona magodoro ya pamba. Baba yake alitengeneza mizani, ile mikubwa ya maghalani na midogo ya maduka ya dawa. Nyumba nzima ilikuwa ya vitu hivyo viwili: pamba sakafuni, mizani mezani. Baba alizoea kusema, "Mizani haina shemeji." Mama naye alisema, "Mtu akilala vibaya, siku yake yote imeharibika." Marehemu aliyabeba maneno yote mawili mpaka uzeeni, na siku yalipogombana ndani yake, ndipo yalipotokea haya tutakayoyasema.

Alipokuwa na miaka saba, panya alizaa ndani ya godoro lililoagizwa na mwalimu mkuu wa shule. Mama akachukua ufagio. Mtoto akasimama mbele ya godoro, mikono kiunoni, akaomba siku kumi na nne tu. Akapewa tatu, akabembeleza zikawa kumi na nne. Kila asubuhi alivipima vitoto vya panya kwenye mizani ndogo ya baba na kuandika uzito wao katika daftari, kwa tarehe, kisha akavirudisha kwenye pamba yao. Mwalimu mkuu alipokuja kudai godoro lake, mama alimwambia kwa uso mkavu kwamba pamba ya mwaka ule ilikuwa bado haijatulia. Daftari hilo lipo hadi leo, na hesabu zake zote ziko sawa.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na kiwanda cha sabuni kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari hadi mwisho wa 1976. Hesabu na baiolojia ndizo zilizokuwa zake. Kwa umbo alikuwa mnene, kama mama yake, kama mdogo wake, kama sisi sote. Katika ukoo huu wembamba ni wale waliooa au kuolewa humu. Shuleni alitaniwa, naye alikuwa na jibu moja tu: "Mimi nina akiba, wewe huna hata ya kesho." Lakini mama yetu alipofariki mwaka 1978, akiwa na miaka arobaini na sita, mwili umemlemea na sukari imemla miguu, utani huo uliisha mdomoni mwake. Tangu siku hiyo marehemu alitaka jambo moja duniani: ipatikane dawa ya unene wa namna ile kabla haujafika kwa mdogo wake, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo na tayari alikuwa akivaa nguo za watu wazima.

Alipata cheti cha utunzaji wa wanyama wa maabara mwaka 1980, na Jumatatu ya tarehe 1 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika taasisi ya utafiti, chumba cha panya, ghorofa ya chini kabisa. Chumba kile hakina dirisha. Kina rafu za chuma pande mbili, kila rafu ina vizimba, kila kizimba kina maranda ya mbao, chupa ya maji na kadi ya namba. Alikifagia, alikipima, alikilisha kwa miaka thelathini na sita bila kukosa hesabu ya panya hata mmoja. Humo ndimo alimopata mume. Tarehe 3 Februari 1985 kiyoyozi cha chumba kiliharibika, akaitwa fundi wa majokofu, ambaye leo ni mgane na amekaa pale kulia. Fundi alipomaliza aliuliza kama angekunywa chai. Marehemu akamwambia chumbani mwa panya hamliwi wala hamnywewi kitu, ila yeye anatoka saa kumi. Walifunga ndoa tarehe 18 Oktoba 1986. Mtaani walimwita mume huyo Mzee Baridi, naye hakuwahi kuwa baridi kwa mkewe, isipokuwa siku marehemu alipouza baiskeli ya mumewe bila kumuuliza. Mungu aliwapa binti mmoja, muuguzi.

Profesa alifika taasisini mwaka 2004. Alikuja na wazo, na marehemu aliagiza lisemwe waziwazi: wazo lilikuwa zuri. Mwilini mwa mtu mna mafuta ya aina mbili. Mafuta meupe huweka akiba, ndiyo haya tunayoyabeba tumboni na kiunoni. Mafuta ya kahawia huunguza akiba hiyo ikawa joto. Mtoto mchanga huzaliwa nayo mgongoni, katikati ya mabega, ili asigande. Marehemu aliwaeleza wafagiaji wenzake hivi: "Meupe ni ghala, ya kahawia ni jiko." Profesa alikuwa akipita koridoni, akalisikia neno hilo, na wiki iliyofuata alilitumia kwenye hotuba yake kana kwamba alizaliwa nalo. Alitaka kutengeneza dawa itakayoligeuza ghala kuwa jiko. Hakuna mtu katika jengo lile aliyeiombea dawa hiyo kama mtunza panya wake.

Jaribio lilianza Aprili 2013. Panya themanini: arobaini walipewa dawa, arobaini walipewa maji matupu ili walinganishwe. Wa dawa waliwekwa rafu za juu, mahali ambapo Profesa angewaona akiwa amesimama. Wa maji waliwekwa rafu za chini, karibu na sakafu. Kila asubuhi Profesa aliingia na wageni wake, akatazama wa juu, akatoka. Hakuwahi kuinama. Mgongo wake ulikuwa mzima, hakuinama tu.

Hapa marehemu alipumzika siku nzima kabla ya kuendelea, na alipoendelea aliagiza pasipunguzwe kitu. Kosa lilikuwa lake. Amri ilisema vizimbani kusiwe na chochote zaidi ya maranda. Yeye aliwatazama wale wa chini, wasiopewa dawa, wasioangaliwa na mtu, na moyo wa mama yake ukamshinda. Alisema, "Hawa hawapewi chochote. Angalau walale pazuri." Akanunua bunda la pamba katika duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, kwa mkono wake, akawapa kila mmoja tonge la kutengenezea kiota. Siku za kupima aliitoa, akiisha kupima aliirudisha. Wa juu hakuwapa, kwa kuwa wa juu walikuwa na wa kuwatazama. Hakuandika daftarini. Ni jambo pekee katika miaka thelathini na sita ambalo hakuliandika.

Julai panya walipasuliwa ili wachunguzwe. Wa chini walikuwa na mafuta meupe tele. Wa juu walikuwa wembamba, na mafuta yao ya kinenani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Profesa alipiga meza kwa furaha. Ikaandikwa makala, ikatolewa tuzo, ikakatwa keki, na marehemu alipata kipande, akakifunga kwa karatasi akamletea mdogo wake posta. Alimwambia, "Kula hiki kwa raha zako. Dawa imepatikana." Walilia wote wawili nyuma ya dirisha namba nne, na foleni ikawasubiri.

Februari 2016 dawa ilianza kujaribiwa kwa watu mia moja na ishirini. Mdogo wake alikuwa namba sabini na moja, kilo mia moja na kumi na nane. Alimeza vidonge asubuhi na jioni. Kilo hazikushuka, ila moyo ulianza kukimbia hata akiwa ameketi anapiga mihuri. Kliniki walimwambia avumilie, kwamba ndilo jiko linawaka.

Mei mwaka huohuo kiyoyozi cha chumba cha panya kiligoma tena, akaitwa Mzee Baridi. Alipanda juu ya kigoda na kipimajoto chake, akakiweka rafu ya juu, kisha akashuka akapiga magoti, akakiweka rafu ya chini, kwa panya wapya ambao nao marehemu alikuwa amewapa pamba.

"Mke wangu," alisema, "hii hewa yote ya baridi inawapiga hawa wa juu. Hapa ni digrii kumi na tisa. Mnawafanya nini, mnawagandisha?"

"Ndivyo ilivyo siku zote. Imewekwa hivyo tangu zamani."

"Na hawa wa chini mbona wana magodoro?"

Marehemu aliketi juu ya ndoo. Panya hupenda joto la digrii thelathini. Chini ya hapo mwili wake huwasha jiko ili asife, na baridi pekee inatosha kuyageuza mafuta meupe yakawa ya kahawia. Hilo alilifundishwa mwaka wa kwanza wa cheti. Wa juu hawakugeuzwa na dawa. Waligeuzwa na baridi. Wa chini hawakugeuka kwa sababu walikuwa na pamba yake. Na dawa ile, isiyofanya lolote kwa mafuta, ilikuwa inakimbiza moyo wa mdogo wake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini kwa Profesa na daftari zake tano. Alimweleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Alisema kosa ni langu, niandikie barua ya onyo, nifukuze ukitaka, ila simamisha vidonge, jaribio lirudiwe, wote wapewe pamba au wote wanyimwe. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, na wasifu huu umebebwa na swali hilo. Hakuuliza kama ni kweli. Hakuuliza wale watu mia moja na ishirini wanaendeleaje.

Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Basi ibaki hivyo. Mama, wewe kazi yako ni maranda. Mambo ya mafuta tuachie sisi."

Tarehe 20 Juni 2016, saa kumi jioni, walinzi walimsimamisha marehemu langoni, mbele ya watu wa zamu zote mbili, wakamwaga mkoba wake juu ya meza. Waliona miwani, leso, na nusu bunda la pamba. Barua ya kufukuzwa ilikuwa tayari imepigwa chapa, tarehe na yote, kabla mkoba haujafunguliwa. Ilisema: uzembe na wizi wa pamba ya taasisi. Watu wakaanza kumwita Mama Pamba. Mwanzoni walilisema pembeni, kisha usoni. Marehemu alilipokea jina hilo akalivaa. Alisema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi. Hili angalau ni laini."

Sasa inakuja sehemu ya mdogo wake, ambayo marehemu alitaka iachwe, na mdogo wake amekataa kuiacha. Jioni ile marehemu alifika kwake, akamsihi atupe vidonge. Mdogo wake hakumsikiliza. Alikuwa amemwamini Profesa, koti lake jeupe na tuzo yake, kuliko dada aliyemlea. Alimwambia, "Umezoea kuishi na panya, sasa unaona wivu mtu akitaka kuwa mtu. Na mwizi hanifundishi kitu." Marehemu alichukua mkoba wake akaondoka. Hawakusemezana kwa miezi kumi na minne. Kila Jumatatu marehemu alifika posta, akasimama upande wa pili wa barabara, akamtazama mdogo wake kupitia kioo kama bado anapumua, kisha akaenda zake. Hayo mdogo wake aliambiwa na Mzee Baridi baadaye sana.

Tarehe 22 Agosti 2017, kwenye ngazi za posta, ngazi ya saba, mdogo wake alianguka. Alipozinduka hospitali, dada yake alikuwa kando ya kitanda, ameleta mto wa pamba na chupa ya chai.

"Umekula?" marehemu aliuliza.

"Sijala. Dada, nilikutukana."

"Kula kwanza. Halafu unitukane vizuri, ukiwa na nguvu."

Hakusema nilikwambia. Hakulisema siku ile wala siku nyingine yoyote. Moyo wa mdogo wake umeharibika na hautapona. Unadunda utakavyo, na wakati huu anaposoma unadunda kwa fujo. Watu wengine sita katika wale mia moja na ishirini wako hivyo. Ripoti ya Profesa iliwaandika kama "waliojitoa kwa sababu binafsi". Mwenye kovu usidhani kapoa, Profesa. Mdogo wake alijitoa kwa sababu alikuwa sakafuni.

Aliporuhusiwa kutoka, aliuliza dada anataka wafanye nini. Yeye mwenyewe alikuwa na mapendekezo, mengine yakihusu gari la Profesa. Marehemu alikataa yote. "Tutamshinda kwa mizani," alisema. Akaandika barua, kwa mwandiko wake wa daftari, akianza kila moja na sentensi ileile: Kosa la kwanza lilikuwa langu. Mdogo wake alizituma kwa rejista, kwa sababu barua ya rejista hakuna anayeweza kusema hakuiona. Zilikwenda kumi na moja. Kumi hazikujibiwa. Ya nne ilimfikia daktari wa mifugo katika taasisi nyingine, mwanamke asiyejulikana na yeyote kati yetu, ambaye leo yuko hapa, safu ya pili, mwenye miwani. Alirudia jaribio lote kuanzia Februari 2019 hadi Juni 2020, kwa makundi manne: wenye dawa na wasio na dawa, wenye pamba na wasio na pamba. Siku alipomaliza alipiga simu.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa juu ya ndoo. Sema."

"Waliopewa dawa na pamba, mafuta yao ni meupe. Waliopigwa baridi bila dawa, ya kahawia. Dawa haifanyi lolote, mama. Hesabu zako ziko sawa."

Marehemu alishukuru, akaweka simu, akaendelea kukunja nguo. Mzee Baridi anasema alikunja shati moja mara nne.

Matokeo yalipelekwa kwa kamati inayosimamia majaribio ya dawa. Kamati ilikaa nayo mwaka mmoja na zaidi. Wakati huo Profesa alitangaza jaribio la pili, la watu mia sita, lianze Desemba hii. Alitokea kwenye runinga akisema ghala litageuzwa kuwa jiko. Marehemu alimtazama mpaka mwisho, halafu akaomba runinga izimwe.

Hapo alikuwa tayari mgonjwa. Vumbi la maranda na manyoya ya panya lilimpa pumu mwaka 1994, na tangu Machi 2020 mapafu yakaanza kumfunga. Binti yake, muuguzi, alihamia nyumbani kumtunza. Kuanzia Septemba mwaka huu hakuweza tena kutoka kitandani, na ndipo alipoanza kuusema wasifu huu. Alipofika mwisho aliagiza Profesa aalikwe kwa kadi, awekewe kiti cha mbele. Binti yake alisema hatakuja. Marehemu akacheka mpaka akakohoa. "Atakuja. Huyo kiti cha mbele hakimpiti." Profesa, umeona ulivyojulikana.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Novemba 2021, alisema anasikia baridi. Binti alimwongezea blanketi. Alikuwa amefumba macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wa juu je? Wa juu wamefunikwa?" Miaka minane ilikuwa imepita, na kumbe kila siku aliwabeba wale arobaini aliowaacha wagande. Binti alimjibu kwamba wamefunikwa wote. Alifariki saa nne na dakika arobaini, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ijumaa, tarehe 5, barua ya kamati ilifika dirisha namba nne. Mdogo wake aliipokea, akaipiga muhuri kama barua nyingine yoyote, akaitia sahihi, ndipo akaifungua. Imeandikwa kwa jina la marehemu. Inasema jaribio la pili limefutwa. Inasema makala ya mwaka 2014 itaondolewa na tuzo itajadiliwa. Inasema watu saba walioumia moyo wataitwa mmoja mmoja, na majina yao hayataandikwa tena "binafsi". Inasema shtaka la wizi wa pamba halikuwahi kuwa na ushahidi wowote. Sentensi ya mwisho inamwomba marehemu radhi, siku mbili baada ya masikio yake kufungika. Profesa naye ametumiwa yake kwa rejista. Iko posta tangu Ijumaa na hajaja kuichukua; karani hana ruhusa ya kumsomea mtu barua yake, kwa hiyo mdogo wake amesoma ya dada yake, tena polepole, ili kila aliyeketi asikie.

Marehemu ameacha mume, Mzee Baridi, ambaye amezima jokofu nyumbani kwa sababu hataki kulisikia. Ameacha binti, kaka, na mdogo mmoja mwenye moyo mbovu na kumbukumbu nzuri. Ameacha daftari mia moja na tatu. Amelazwa juu ya godoro la pamba, alilolishona mwenyewe mwaka jana alipokuwa bado anaweza kushika sindano. Pamba hiyo ilinunuliwa, na stakabadhi yake imechapwa ukurasa wa mwisho wa programu hii, kwa yeyote atakayependa kupekua.

Jambo la mwisho ni la shada. Profesa ameleta shada kubwa la maua, lenye utepe ulioandikwa "Kwa mfagiaji wetu mwaminifu". Familia haitaliweka juu ya kaburi. Haitalitupa pia, kwa kuwa marehemu alikataza matusi. Limewekwa miguuni pa kaburi, chini kabisa, kwenye udongo, na hakuna hata mmoja wetu atakayelinyanyua. Profesa ataombwa alichukue mwenyewe, mbele ya watu wa zamu zote mbili. Njia imeachwa wazi, na tutasubiri, tuna muda. Ainame.

Na wewe, dada, alale pazuri aliyewalaza wengine pazuri. Umefunikwa. Na wa juu pia.